Bei ya Kuruka: Kibali Kilivyogeuka Mali Katika Tanzania ya Azimio

Machi 1983, serikali ya Tanzania ilianza kuwakamata watu kwa kukutwa na sabuni. Na sukari, khanga, betri za redio, matairi, mafuta ya kula, fedha za kigeni. Msako huo uliongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na waliokamatwa walipewa jina ambalo halijatoka midomoni mwa watu mpaka leo: wahujumu uchumi. Wenye mali walizitupa usiku vichakani, barabarani na baharini wakiogopa kukutwa nazo asubuhi. Miezi 15 baadaye, katika bajeti ya Juni 1984, serikali ile ile ilitangaza kwamba mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa kutoka nje na kuziuza, wala hataulizwa fedha hizo alizipata wapi.

Kila aliyezijua sheria za fedha za kigeni za wakati ule alielewa maana yake. Mtu binafsi hakuwa na njia ya halali ya kukaa na dola za kutosha kujaza kontena la vitenge. Fedha hizo zilikuwa za magendo, na sasa zilikaribishwa nyumbani kwa mlango wa mbele.

Anayeuzungumzia unafiki wa siasa ya Ujamaa huanzia hapo, kisha huishia kuwataja wakubwa na magari yao ya Benzi. Wabenzi walikuwepo, na neno lenyewe ni ushahidi. Ila kumtaja Mbenzi hakuelezi kwa nini mwalimu wa shule ya msingi, mesenja wa ofisi na askari wa kizuizi cha barabarani nao walizivunja sheria zile zile kila wiki, huku wakipiga makofi mkutanoni. Ili kulielewa hilo, fuata mfuko mmoja wa sukari tangu ghalani mpaka jikoni. Kabla ya hapo, tazama Miiko ya Uongozi, yaani masharti waliyowekewa viongozi, ilikataza nini.

Kumiliki na kutia saini

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na Miiko ya Uongozi. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kiongozi hapo hakuwa waziri peke yake. Walihesabiwa wabunge, madiwani, wakubwa wa mashirika ya umma, watumishi wa serikali wa ngazi ya juu na ya kati, pamoja na wake zao au waume zao.

Miiko hiyo ilikuwa mikali na iliwauma wengi. Baadhi ya waliokuwa wamejenga nyumba za kupangisha kwa mikopo walijikuta wanachagua kati ya nyumba na cheo. Baadaye ukaachwa mwanya wa kuiweka mali katika amana kwa jina la watoto. Ilikuwa dalili ya mapema kwamba miiko ilihesabu majina kwenye hati, na majina hubadilishwa.

Lakini isome orodha hiyo kwa jicho la mwanasheria. Inakataza kumiliki. Kudhibiti mali haikutajwa. Na katika miaka hiyo hiyo udhibiti wote ulikuwa unahamia ofisini: benki zilitaifishwa Februari 1967, mashamba makubwa ya mkonge Oktoba mwaka huo, na mwaka 1971 yakafuata majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mashirika ya umma yalikuwa zaidi ya 400. Meneja wa shirika la namna hiyo hakuwa na hisa hata moja. Alikuwa na saini.

Nyerere mwenyewe aliishi kwa kiasi, na mwaka 1977, katika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, alikiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala ya kujitegemea. Kwa hiyo mfano mwema wa kiongozi wa juu ulikuwepo, tena kwa muda mrefu, na mambo yakaharibika vilevile.

Safari ya mfuko wa sukari

Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei. Kazi yake ilikuwa kupanga bei ya kila kitu cha maana: sukari, sembe, sabuni, bati, baiskeli, nguo, na orodha ikazidi kurefuka. Hesabu yake ilikuwa hivi: kiwanda kilileta gharama zake, Tume ikaongeza faida kiasi, bei ikatangazwa. Kwa utaratibu huo kiwanda kilichopoteza malighafi, kilichoajiri watu wasio na kazi, au kilichokuwa na mashine nusu zimekufa, kilirudishiwa gharama zote hizo ndani ya bei. Kilichobana matumizi hakikuongezewa kitu. Tena kupanga bei kulichukua muda, gharama zikipanda haraka kuliko vikao, na mara nyingi bei ikatoka ikiwa imekwisha kupitwa.

Wakati huo huo bidhaa zenyewe zilikuwa zinakauka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mpaka na Kenya ukafungwa hadi Novemba 1983. Mwishoni mwa 1978 vikaja vita vya Kagera, na Nyerere akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Dola za kununulia vipuri na malighafi hazikuonekana. Viwanda vilivyojengwa kwa mikopo vikawa vinafanya kazi kwa sehemu ndogo tu ya uwezo wao. Kile cha viatu cha Morogoro, kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, hakikuwahi kufika hata sehemu ya kumi ya shabaha hiyo.

Basi bidhaa chache, bei iliyogandishwa, na wanunuzi wengi wenye noti mkononi. Hapo ndipo panapozaliwa bei ya kuruka, yaani bei ya magendo iliyo juu ya ile ya serikali.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano. Tuseme bei ya serikali ya sukari ni shilingi 10 kwa kilo, na uchochoroni inauzwa 40. Mfuko wa kilo 100 una pengo la shilingi 3,000. Kima cha chini cha mshahara mwaka 1981 kilikuwa shilingi 600 kwa mwezi. Yaani karatasi yenye maneno "apewe mfuko mmoja wa sukari", ikiwa na mhuri na saini, ilibeba mishahara ya miezi mitano ya mfagiaji. Aliyeiandika hakumiliki chochote, wala hakukiuka mwiko wowote ulioandikwa Arusha.

Sasa hesabu saini zilizokuwepo njiani. Shirika la Biashara la Taifa, STC, lilivunjwa 1973 na nafasi yake ikachukuliwa na kampuni za biashara za mikoa, RTC, chini ya Bodi ya Biashara ya Ndani. Juu yao kulikuwa na kampuni za kitaifa, kila moja na bidhaa zake, na kwa bidhaa nyingi hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuziagiza wala kuzisambaza. Mzigo ulitoka kiwandani au bandarini ukaenda kampuni ya taifa, ukagawiwa kwa RTC ya mkoa, mkoa ukaugawa kwa wilaya, wilaya ikatoa vibali kwa maduka ya ushirika, maduka ya vijiji na maofisi. Mjini, duka la kaya liliuza kwa kufuata orodha, na anayeijua kaya ni nani alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani mjumbe wa Chama. Ukitaka sukari ya harusi au khitma, uliandika barua, ikapita kwa balozi, kwa katibu wa tawi, hadi kwa afisa biashara.

Kila kituo kilikuwa na namna yake ya kuharibika. Ghalani mzigo ulisomeka mifuko 200 na kuonekana 170, tofauti ikiitwa "upotevu wa njiani". Faida ya usambazaji ilipangwa kwa asilimia isiyolipia mafuta na matairi ya kufika vijiji vya mbali, kwa hiyo kampuni iliyofuata sheria kikamilifu ingepata hasara kila lori lilipokwenda pembezoni. Lori halikwenda, mzigo uliuzwa mjini, na kijijini zikafika chumvi na viberiti, vikifika. Wilayani kibali kilitolewa kwa duka la ushirika ambalo mlango wake haujafunguliwa miezi mitatu. Dukani muuzaji alipunja kilo, au alikufungia sukari pamoja na bidhaa iliyomdodea: hununui hiki, hupati kile. Na kwenye foleni watu waliacha mawe, matofali na ndala vishike nafasi zao tangu alfajiri, wakaenda kazini kusaini daftari la mahudhurio, wakarudi kulifuata jiwe. Saa zilizopotea hapo hazikuingia katika hesabu ya gharama ya Tume yoyote.

Cha ajabu ni kwamba wengi waliokuwa katika mnyororo huu hawakujiona wezi. Mtunza ghala aliyemwekea shemeji yake kilo tano alikuwa anafanya ujamaa wa aina nyingine, ule wa undugu, ambao ulikuwa na nguvu kuliko wa kwenye hotuba na ulitumia neno lile lile.

Mshahara wa wiki moja

Shilingi 600 kwa bei za serikali zingetosha kubanana kwa mwezi. Shida ni kwamba kwa bei za serikali hukukipata kitu. Kwa bei ya kuruka mshahara uliisha wiki ya kwanza, na kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Hakuna familia inayoishi kwa kipato kilichokatwa kiasi hicho. Watu waliishi kwa "miradi": kuku wa mayai nyuma ya nyumba, ng'ombe wa maziwa mjini, maandazi, ubuyu na barafu za kuuzwa shuleni, cherehani barazani, teksi bubu.

Hapa ndipo unafiki ulipokuwa wa kila mtu. Mwiko wa Azimio ulimzuia mtumishi wa ngazi ya kati kuwa na kipato cha pili, na kipato cha kwanza hakikutosha sabuni. Kwa hiyo mradi uliandikwa kwa jina la mama mkwe. Kuku walikuwa wa shangazi. Teksi ilikuwa ya mdogo wangu aliye Tanga. Afisa aliyetumwa kukagua naye alikuwa na kuku wake, wa shangazi yake, na ukaguzi ukaisha kwa chai. Miradi mingi ilisimamiwa na wanawake, ambao wengi wao hawakuwa kwenye ajira, na ikafika mahali biashara ya mke ikaleta fedha nyingi kuliko cheo cha mume. Cheo hakikuachwa kwa sababu kilileta nyumba ya serikali, gari, posho ya safari, simu, na jirani mwenye kibali.

Vijijini hesabu ilikuwa ile ile kwa upande wa pili. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa Mei 1976, na mamlaka za mazao zikawa mnunuzi pekee. Mahindi yaliuzwa kwa Shirika la Usagishaji, NMC, kwa bei iliyopangwa, malipo yakichelewa na wakati mwingine yakija kwa hati. Mkulima alipeleka gunia moja kituoni ili aonekane, na manne akayauza usiku kwa mwenye lori. Takwimu za serikali zikaonyesha uzalishaji umeanguka, nchi ikaagiza mahindi ya njano kutoka nje, na watu wa mjini, ambao hawakosi utani hata wakiwa na njaa, wakauita unga wake Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi. Ukame ulichangia, hasa miaka ya 1973 na 1974. Bei nayo ilichangia kiasi ambacho hotuba hazikupenda kukisema.

Kupe ni nani

Siasa ilikuwa na msamiati wa kumtaja adui: bepari, kabaila, kupe, mnyonyaji mwenye mirija. Msamiati huo uliundwa kumwelezea mtu mwenye mtaji. Pengo la bei, hata hivyo, lilinufaisha mtu mwenye mhuri, na kwa huyo hapakuwa na jina rasmi. Mtaani walimwita naizi, lakini neno hilo halikupata kusomwa kwenye taarifa ya habari. Kila upungufu ulipotokea, lawama ilimwendea aliyeonekana akiuza: Mhindi mwenye duka, Mmachinga, mama wa sokoni. Mlanguzi. Alikuwa kituo cha mwisho cha mnyororo mrefu, na ndiye pekee aliyesimama juani na mali yake wazi.

Somo lilikuwa limekwisha kutolewa mwaka 1976. Operesheni Maduka iliyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili ya ushirika yachukue nafasi. Maduka ya ushirika yalikuwa machache, hayakuwa na mtaji wala usafiri, na ndani ya miezi michache vijiji vikakosa chumvi. Serikali ikalisitisha zoezi mwaka huo huo. Ilikuwa imedhihirika kwamba mwenye duka wa kijijini alifanya kazi yenye gharama: kufuata mzigo kwa baiskeli, kukopesha mpaka mavuno, kukata sabuni vipande kwa asiye na fedha ya mche mzima. Faida yake ndiyo iliyolipia hayo yote.

Mwaka 1983 somo hilo lilikuwa limesahauliwa. Watu walikamatwa kwanza, sheria ikafuata: Sheria Namba 9 ya mwaka huo, iliyounda mahakama maalumu ya uhujumu uchumi, bila dhamana na bila wakili. Sokoine hakuwa mnafiki. Hata wapinzani wa msako wanamtambua kuwa mtu aliyeyaamini aliyoyafanya, na wananchi wengi walishangilia kuona baadhi ya vigogo nao wanaguswa. Lakini kitu gani kilitokea madukani? Mwanzoni bidhaa zilizofichwa zilitoka, zikauzwa kwa bei ya serikali, foleni zikawa ndefu na furaha ikawa kubwa. Akiba hiyo ilipoisha hapakuwa na aliyethubutu kuleta nyingine. Rafu zikawa tupu kuliko kabla ya msako, na bei ya kuruka, kwa wachache waliothubutu kuuza, ikapanda, maana sasa ilibidi ilipie pia hatari ya kufungwa. Mwaka huo huo ukaja msako wa Nguvukazi: asiye na kitambulisho cha kazi mjini apelekwe kijijini akalime. Wauza kahawa na wapiga viatu rangi walipakiwa kwenye malori. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi.

Mlango wa mbele

Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Juni, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyolegeza kamba: shilingi ilishushwa kutoka kama 12 hadi 17 kwa dola, ruzuku ya sembe ikaondolewa, bidhaa nyingi zikatolewa kwenye orodha ya bei, na ukaruhusiwa uagizaji kwa fedha za mwagizaji mwenyewe. Mwagizaji hakupewa dola na Benki Kuu. Alijaza fomu ya leseni, akalipa ushuru, akaleta mzigo, akauza kwa bei ya soko. Katika muda wa miezi khanga, sabuni, dawa ya meno na pick-up zilirudi mitaani, na mwaka uliofuata Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, akapewa sifa ya mlango uliokuwa umekwisha kufunguliwa kabla hajaapishwa.

Nani alifaidika zaidi? Wale waliokuwa na dola nje: wasafirishaji wa kahawa, madini na meno ya tembo kwa magendo, wafanyabiashara waliopandisha bei za ankara za kuagiza na kuacha tofauti Ulaya, na watumishi waliopokea asilimia yao kwenye akaunti za mbali. Hawa watatu walikuwa wakishirikiana muda mrefu. Aliyekosa ni mtu wa duka la kaya mwenye mshahara na kadi, kwa sababu sasa sabuni ilikuwepo na bei yake ilikuwa wazi, ila shilingi zake zilikuwa zile zile.

Miiko yenyewe ilidumu karatasini miaka mingine saba. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza: mwanachama aweza kuwa na hisa, kupangisha nyumba, kupata kipato zaidi ya kimoja. Hapakuwa na sherehe wala maandamano ya kuunga mkono. Hati nyingi zilitoka kwa mama mkwe zikarudi kwa mwenyewe.

Na ile sheria ya 1983 ilifutwa mwaka uliofuata, nafasi yake ikachukuliwa na Sheria Namba 13 ya 1984, ambayo ilirudisha kesi kwenye mahakama za kawaida na kuruhusu mawakili. Hiyo bado inatumika. Mtu akishtakiwa leo kwa nyara za serikali au kwa fedha za umma, hati ya mashtaka huandikwa "kesi ya uhujumu uchumi", kwa jina lile lile lililoanza na miche ya sabuni.